Karafuu za Mkwe na Riwaya ya Fahmi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Alhamdulillahi, nimeaminiwa. Mkwe wangu, Bi Kijakazi, kaniachia karafuu zake zote nizianike uani kwangu hapa Jadida. Mke wangu Mardhiya yuko Konde kwa huyo mama yake. Kasema zikilowa kama za mwaka jana, harudi. Kazi nyepesi: kukaa na kutazama mawingu. Rafiki yangu Fahmi kaniazima riwaya ya kunishughulisha, Mungu amzidishie. Msimulizi anasema jirani yake anamzunguka. Namwamini kabisa.

Jumanne, 7 Oktoba

Karafuu zimesogea! Asubuhi niliziacha zimerundikana. Nilipoinua macho kitabuni, zimetandazwa jamvi zima. Jirani yangu Nyange akapita, akanisalimu mara mbili. Ndivyo afanyavyo yule wa riwayani. Nashukuru nimesoma mapema. Nimezungushia jamvi jivu la jikoni, nyayo zimsute mwizi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nilijificha jikoni kumvizia. Sikulala. Nilifumba macho nisikie vizuri. Nilipofumbua, uani maji matupu, jivu limekwenda na mvua, jamvi halipo! Mbio kwa Sheha, mkubwa wa mtaa wetu, nikamshitaki Nyange. Sheha akaniuliza mvua ilinyesha nikiwa wapi. Nikaona swali hilo halihusu.

Nyange akaitwa, akaja kalowa chapachapa. Karafuu ziko barazani kwake, kavu. Akanambia, "Nkakwita we, Ngwali, huitiki." Sheha akanikumbusha kuwa kwetu mvua ikitishia, karafuu za jirani huanuliwa bila kungoja ruhusa. Kumbe na kuzitandaza juani alikuwa akizitandaza yeye. Niliona haya. Nikamshukuru kwa moyo wote, hata machozi yakanitoka. Au yalikuwa maji ya mvua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mardhiya karudi! Bi Kijakazi kazishika karafuu zake, kavu, rangi nzuri, kaniombea dua. Nikawasimulia nilivyozianua peke yangu katikati ya mvua. Mardhiya akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akampelekea Nyange mkate wa kumimina, mzima. Mimi nimepewa kipande.

Riwaya nimeimaliza. Fahmi anasema msimulizi ndiye mwongo tangu ukurasa wa kwanza, na jirani hakuwa na kosa lolote. Maskini Fahmi, hajui kusoma watu. Mtu anayeandika kwa uwazi namna ile atadanganyaje?

Namshukuru Mungu kwa mke aliyerudi na jirani mwema. Lakini mkate mzima, wa nini? Nimetia jivu kizingitini.