Umekosea, Rudia

Jumatatu, 1 Septemba 2014
Programu yangu ya hisabati imekamilika! Miezi minane ya jasho. Mwanafunzi anasoma swali kwenye kompyuta, anaandika jibu, kompyuta inamjibu kwa sauti. Sauti ni yangu. Akipata: "Hongera, endelea." Akikosa: "Umekosea, rudia." Ijumaa afisa elimu anakuja kuiona. Mwalimu Rogathe, ninayefundisha naye hisabati, bado yuko na chaki na punje za maharage. Namwonea huruma. Kidogo.

Jumanne, 2 Septemba
Kidato cha Nne wameijaribu. Wote wamevuka swali la kumi isipokuwa Oliva, wa kijiji cha Tlawi kule juu mlimani. Ajabu! Ndiye anayeongoza darasa. Swali lenyewe jepesi: namba gani ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe inaleta 49? Saba, basi. Kompyuta imemwambia amekosea mara kumi na mbili. Nilikuwa ofisini, nasikia. Nikajisemea mashine haina upendeleo. Ametoka analia, daftari kaliacha mezani.

Jumatano, 3 Septemba
Oliva hakuja. Rogathe kalifungua lile daftari mbele ya walimu wote. Oliva ameandika saba, na hasi saba. Rogathe akasema majibu ni mawili na mtoto amepata. Nikamwuliza hasi saba ni punje ngapi za maharage. Walimu wakacheka. Kisha nikakokotoa kimyakimya chini ya meza. Hasi mara hasi ni chanya. Mungu wangu! Programu niliipa jibu moja tu, saba. Aliyekosea ni mimi.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimepanda Tlawi kwa pikipiki. Baridi, matope hadi magotini. Mama yake, Bernadina, alikuwa anachimba viazi, na Oliva pembeni na jembe lake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinuka. Nikaeleza kwamba kompyuta ndiyo iliyokosea. Akauliza ile sauti ni ya nani. Nikakohoa. Akasema binti ameamua kwamba hisabati si yake, na mtihani wa Novemba hafanyi. Mwalimu aliyesema umekosea aseme umepata, kwa mdomo uleule, ndipo atarudi. Oliva hakuniangalia hata mara moja. Imeniuma, nakiri. Neno moja tu, nami badala ya kulisema nikasifia viazi. Nikaahidi kwamba kesho atalisikia shuleni.

Ijumaa, 5 Septemba
Wazo kubwa! Lilinijia njiani, nikirudi. Nitalirekodi! Kompyuta itasema: "Umepata, Oliva. Mwalimu wako alikosea." Saa moja asubuhi nimejifungia stoo. Kuku wa mpishi wameniharibia mara tatu. Mara ya nne, niko katikati ya "Umepata", mlango ukafunguka. Oliva! Kavaa sare, viatu vimejaa matope ya kwao. Akaniamkia kwa sauti. Kaharibu tena! Nikampungia mkono atoke. Akasimama kidogo, akatoka.

Ya tano imetoka safi kabisa. Hata majuto yanasikika, hasa kwenye "alikosea". Afisa elimu ameirudia mara mbili na kuniambia nina moyo wa ualimu. Rogathe hakupiga makofi. Akaniambia tu kwamba Oliva alionekana saa nne akipanda kurudi Tlawi, na safari hii amechukua daftari lake. Watoto wa siku hizi hawana subira. Msamaha niliomwomba upo tayari ndani ya kompyuta, swali la kumi. Ni kubonyeza tu.