Nyumba Isiyo na Usumbufu

Dalali mmoja, ambaye mjini walimwita Ulimi, aliachiwa ufunguo wa nyumba ndogo ya pembezoni mwa mji. Mwenye nyumba alikuwa safarini, na kazi ya Ulimi ilikuwa kuifagia tu. Hakuifagia. Alianza kuitafutia mpangaji.

Akampata mkunga mstaafu, mjane aliyekuwa akilala kwenye kochi sebuleni kwa mwanawe, huku mkwewe akiguna kila asubuhi. Mama mwenye akiba na haraka: Ulimi akamshukuru Mungu, maana alikuwa tapeli mcha Mungu.

"Mama yangu, hapa huna usumbufu," akamwambia getini. "Ua wote saruji, hakuna nyasi za kukata. Soko lile pale, zahanati nyuma yake."

"Na basi?"

"Linasimama hapa hapa."

Kweli, basi dogo likasimama, utingo akaita abiria. Dereva alikuwa amekodiwa tangu asubuhi. Njia yake halisi ilikuwa upande wa pili wa mji.

Mkunga akaingia, akakagua kama anayepokea mtoto. Bomba la jikoni linavuja. "Umesema haina usumbufu, mwanangu." Ulimi akaleta fundi. Dari ina doa. Akaleta fundi mwingine, wa paa. Hela ilimtoka mfukoni kwake, lakini alijipa moyo kwamba kodi ya mwaka ingerudisha yote.

"Sasa niachie ufunguo nilale siku mbili tatu," mama akasema. "Nikiridhika, nakulipa mwaka mzima kwa mkupuo."

Tamaa ikamziba masikio. Akamwachia.

Kesho yake mkunga alimuuliza jirani basi linapita saa ngapi. Jirani akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akamtajia mwenye nyumba, akampa na namba yake ya simu.

Ulimi aliporudi alikuta kitasa kipya mlangoni, na mama barazani akimenya viazi.

"Mama, nimefuata kodi."

"Nimeshalipa. Kwa mwenye nyumba. Kanipunguzia sana, kwa kuwa namtunzia."

"Na mafundi wangu je?"

"Nimemwambia. Kafurahi. Anarudi Jumamosi, anataka mkutane akushukuru uso kwa uso. Nimwambie utakuja?"

Ulimi alitazama paa alilolilipia, akageuka.

"Rudishia geti taratibu, mwanangu," mama akamwambia, macho kwenye viazi. "Bawaba zinalia kidogo, ila usihangaike. Hizo nitazitia mafuta mwenyewe."