Mtumishi wa Miaka Mia Tatu

Kwa unyenyekevu ninaosifika nao wizarani, nautangazia umma kwamba Idara ya Utumishi, ambayo naiongoza mimi, imemfichua mtumishi aliyekaa kazini miaka mia tatu bila kustaafu.

Mtumishi huyo ni setilaiti. Kazi yake ni kupima vumbi laini lililo juu kabisa, juu kuliko mawingu ya mvua, vumbi ambalo volkeno ikishalitapika hukaa huko miaka. Hulipima kwa kulitazama jua likichomoza na likitua ukingoni mwa dunia: jua likififia, ujue vumbi ni jingi. Kwa kuwa huizunguka dunia mara kumi na tano kwa siku, huona macheo kumi na tano. Na waraka wangu hauna utata: siku ya kazi huanza jua likichomoza, huisha likitua. Basi siku moja ya kwetu, mwenzetu kafanya kumi na tano. Yuko huko juu miaka ishirini sasa. Piga hesabu mwenyewe. Mimi niliipiga mara mbili, kijasho kikanitoka.

Nikamwandikia barua ya kustaafu.

Aliyekuja juu ni mtunza kumbukumbu za vumbi, mama mmoja wa chumba cha chini tunayemwita Mama Vumbi. Alipanda ghorofa tano kwa miguu, maana lifti ni ya wakurugenzi, akanieleza huku akihema kwamba setilaiti mpya inarushwa baada ya miezi minne, na lazima hizo mbili zitazame anga pamoja walau nusu mwaka.

"Macho ya huyu na yule hayalingani, mzee," alisema. "Tusipoyalinganisha, kesho tutatangaza vumbi limezidi, kumbe ni jicho tu limebadilika. Miaka yangu ishirini yote itakuwa imekwenda na maji."

Nilimhurumia, kwa kiwango ambacho cheo changu kinaruhusu. Lakini nilimweleza kwamba wawili hawakalii nafasi moja, nikampa na nakala ya waraka, kurasa arobaini, akapoze moyo.

Hapo ndipo nilipokosea. Mama yule aliusoma. Katika historia ya wizara hakuna aliyewahi kuusoma, na mimi niliyeuandika nimo.

Jumatatu akarudi na kifungu cha nne: mtumishi hastaafishwi kabla ya kumaliza likizo zake, na akiwa likizoni hasumbuliwi. Likizo ni siku ishirini na nane kwa mwaka. Kwa miaka mia tatu, ni miaka ishirini na tatu ya kupumzika. Nikatia sahihi, ningefanyaje, sheria ni msumeno. Setilaiti ikaanza likizo yake na, kwa hiari yake mwenyewe, ikaitumia kutazama jua. Mama Vumbi alishuka ngazi akicheka peke yake.

Jumanne ikaniangukia barua yake, safari hii ya kifungu cha tisa. Kamati ya Mikataba, ile inayowaongezea muda wanaofikisha miaka sitini, huongozwa na mtumishi mkongwe kuliko wote, na wa kumkaimu humteua yeye mwenyewe kwa maandishi. Hadi juzi mkongwe nilikuwa mimi. Ijumaa hii natimiza sitini, na barua ya kujiongezea miaka mitano nilishaichapa.

Kwa mara ya kwanza maishani nikashuka chumba cha chini. Nilimwita dada, nikamsifia rafu zake, kisha nikamwomba amfikishie mwenyekiti karatasi moja tu, ndogo, ya kuniteua nimkaimu.

"Mwenyekiti yuko likizo, mzee," alisema bila kuinua kichwa. "Nikimsumbua nitakuwa nimevunja waraka wako. Labda umwombe mwenyewe akipita."

Iliniuma, sitaficha. Leo ni Alhamisi, nami niko juu ya paa la wizara na jalada langu kwapani, nasubiri apite. Ni wa pili kwenye foleni. Katibu Mkuu, ambaye naye anatimiza sitini mwezi huu, alitangulia tangu asubuhi, na amekuja na kiti.