Ukuta Kati ya Jemadari na Mpole

Jumamosi, 7 Juni

Mama mkwe kawasili. Kaja na sanduku moja, mto wake wa kulalia, na mtungi wa kioo alioupakata kama mtoto mchanga. Ndani ya mtungi: samaki. Beta dume, wa buluu, mapezi kama gauni la harusi. Anaitwa Mpole.

Balaa! Mimi pia nina beta dume. Mwekundu. Jemadari. Anakaa sebuleni kwenye tangi la kioo nililombembelezea mke wangu mpaka akachoka kunikatalia. Na kila anayefuga beta anajua: madume wawili kwenye maji yale yale ni vita mpaka mmoja afe.

Mama mkwe amefanyiwa upasuaji wa jicho, atakaa nasi mpaka apone. Kaletwa kwa gari na mwanyumba wangu, yaani mume wa dada wa mke wangu. Mtu ambaye shati lake halijawahi kukunjamana. Mama mkwe humwita "mwanangu". Mimi huniita "bwana", kama anavyomwita msoma mita za maji. Miaka yote hii ya ndoa. Bwana!

Mtungi ni mdogo, Mpole anageuka kwa shida. Mwanyumba akasema tangi langu linawatosha wote wawili likiwekwa kizuizi katikati, eti atapitia dukani aninunulie. Nikamwambia asijisumbue. Katika nyumba hii vizuizi tunatengeneza wenyewe. Mke wangu akatazama dari.

Nimeazimia. Nitajenga ukuta. Mama mkwe atauona kwa jicho lake jipya. Kabla ya wiki kwisha nitakuwa mwanangu.

Jumapili, 8 Juni

Boksi la viatu. Nimelikata kwa kipimo, nikalivisha mfuko wa nailoni, nikalizungushia selotepu mpaka likang'aa. Likasimama tangini kama askari wa gwaride. Nikawaita watu waje kuona.

Kabla ya chakula cha mchana lilikuwa limevimba. Baada ya chakula lilikuwa uji. Nikamchota Mpole kwa kikombe na kumrudisha mtungini huku Jemadari akimfukuza mpaka juu ya maji.

Mama mkwe akauliza mbona maji yamekuwa rangi ya chai. Nikasema ni dawa ya mapezi. Akasema kumbe bwana ana ujuzi. Nimefurahi. Nimeona aibu pia, lakini furaha ilitangulia.

Jumatatu, 9 Juni

Wazo limenijia kazini! Mimi ni karani wa masjala, kutwa nashinda na mafaili. Leo nimeviona kwa macho mapya vile vibanio virefu vya plastiki vinavyoshika mgongo wa ripoti. Vinabana kweli kweli. Kimoja kila upande wa tangi, wavu katikati. Nimevichomoa vichache kwenye ripoti za mwaka zilizopangwa rafuni, ambazo hakuna kiumbe aliyewahi kuzifungua.

Wavu umetoka kwenye kawa ya kufunikia chakula. Matundu madogo: maji yanapita, samaki hapiti. Mke wangu alikuwa sokoni. Mkasi ulikuwa karibu.

Kazi safi! Mpole upande wa dirishani, Jemadari upande wa televisheni, ukuta imara. Kasoro moja tu: wanaonana. Wamesimama uso kwa uso, mashavu yamefutuka, mapezi yametanda, hakuna anayekula. Mama mkwe kavuta kiti, kakaa mbele yao jioni nzima. Kasema mtoto wake hana amani.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya mkosi.

Asubuhi mke wangu kainyanyua kawa. Fremu tupu. Nzi wamejaa kwenye mkate. Akanitazama kupitia ile fremu kama msoma taarifa ya habari, kisha akaisoma taarifa yenyewe. Ilikuwa ndefu. Yote ilinihusu mimi.

Kazini kulikuwa na wageni kutoka makao makuu. Mama mkurugenzi akaagiza ripoti ya mwaka, ya kwanza kuagizwa tangu niajiriwe. Akainyanyua kwa madaha ili wageni waione. Kurasa zote zikamwagika. Nyingine chini ya meza, nyingine kwenye chai ya mgeni mkubwa kuliko wote.

Akauliza vibanio viko wapi. Nikaona lazima nionekane msafi. Nikasema kwa sauti kali kwamba huu ni wizi wa mali ya ofisi, na kwamba iundwe kamati ya uchunguzi. Akakubali pale pale. Akaniteua mwenyekiti.

Nimerudi nyumbani na kichwa kinaniuma. Jemadari na Mpole bado wametunishiana mashavu. Nimemrudisha Mpole mtungini.

Jumatano, 11 Juni

Ukuta usiopitisha macho! Ndilo jibu. Kazini nimeomba ruhusa ya siku moja. Na nyumba hii ina kitu kigumu, kisichooza, cha kipimo kile kile: kioo cha meza ya vipodozi ya mke wangu. Kilichomoka bila ubishi.

Mpole nikampa mgongo wa kioo. Jemadari nikampa uso. Ni mwanajeshi, nilidhani atajipenda.

Hakujipenda. Alijiona adui. Amepigana na nafsi yake tangu asubuhi mpaka akalala ubavu juu ya jani, anahema. Kwa upande wa pili Mpole kala vizuri, na mama mkwe akasema leo mtoto kachangamka. Sikuwa na moyo wa kumwonyesha huku kwangu. Mke wangu kaenda kazini na unyusi mmoja umechorwa na mwingine haujachorwa. Hajaniambia neno. Hilo ndilo linalonitisha.

Kisha mchana, mama mkwe amelala, mwanyumba kagonga mlango. Alikuwa anapita tu. Kaniachia mfuko. Ndani: kizuizi cha dukani. Cheusi, matundu kama ncha ya sindano, mipira ya kung'ang'ania kioo pande zote. Kizuri. Kizuri mno. Kinaudhi.

Nikamshukuru. Alipoondoka nikakiweka juu ya kabati la chumbani, nyuma ya masanduku. Si kwamba nimekikataa. Nimekihifadhi.

Kioo nimekirudisha mezani, Mpole mtungini. Kimetoka madoa. Mke wangu akijitazama sasa ana ndui.

Alhamisi, 12 Juni

Nilirudi mapema, nikasingizia tumbo. Kamati ilikuwa ikutane na sikutaka kujihoji.

Mpango mpya: jalada gumu la plastiki nyeusi, linagundishwa moja kwa moja kwenye kioo kwa gundi ile ya kuzibia nyufa za bafuni. Hakuna kubana, hakuna kuchungulia. Jemadari nikamweka kwenye sufuria. Kwenye mrija wa gundi wameandika usubiri siku nzima ikauke. Watengenezaji wana woga. Nilisubiri mpaka nikamaliza chai yangu.

Nikawaingiza wote wawili. Kila mmoja na chumba chake! Nikajilaza kwenye kochi kama mwenye mali.

Aliyeniamsha ni mama mkwe. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Mpole alikuwa anapanda juu kuhema, anashuka, anapanda tena, kisha akaanza kuelea upande. Maji yalinuka siki. Gundi!

Nikawachota, Jemadari sufuriani, Mpole mtungini, nikamwaga, nikasuuza, nikamwaga tena. Mama mkwe alikuwa ameushika mtungi wenye maji safi, maji yanamrukia kifuani. Mpole alipoanza kupiga mapezi ndipo akakaa. Akaniambia, bila ukali wowote, kwamba tangu mzee wetu afariki nyumba yake haina mtu wa kumwitikia asubuhi. Huyu akimsalimia huja mbele ya kioo. Basi, anamwona ni mtu.

Angenigombeza ningepumua. Hakunigombeza.

Pale ndipo ningepanda juu ya kabati. Nililitazama kabati. Lakini ukuta wangu ulikuwa bado umesimama, na gundi sasa imekauka, na maji ni mapya. Nikawarudisha.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetoka kazini, nimekuta mama mkwe amesimama katikati ya sebule na miwani yake mkononi.

Ukuta uliachia kona ya chini. Upenyo wa kidole, basi. Jemadari alikuwa chini kwenye mchanga, mkia umechanwachanwa kama ufagio wa zamani. Mpole alikuwa juu yake, pezi moja limeng'olewa, bado anazunguka. Mpole!

Mama mkwe alikuwa amejilaza baada ya kutia dawa ya jicho. Alisikia maji yanarukaruka, akadhani ni pampu ya hewa ya tangi. Akaniomba radhi. Yeye, aniombe radhi mimi! Akasema mtoto wake amemuua wa kwangu. Akasema nimchukue Mpole, awe wangu, ndiyo haki. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Pole, mwanangu," akasema.

Nimelia. Sijui nilimlilia samaki au nililililia neno. Hapo nilitakiwa kusema. Kizuizi kiko juu ya kabati, mama, kipo tangu juzi, kosa si la Mpole. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni. Lakini akasema tena, mwanangu, kaa chini, upate maji ya kunywa. Nikakaa. Nikanywa.

Jemadari nimemzika kwenye chungu cha maua barazani. Alikuwa akinipokea nikitoka kazini. Sijui kwa nini sikuwahi kuliandika hilo.

Jumamosi, 14 Juni

Mwanyumba kaja kumjulia hali mama mkwe. Shati limenyooka. Tumekaa mezani sote. Akasikia habari ya Jemadari, akasikitika kwa dhati, kisha akaniuliza kama kile kizuizi hakikunitosha, maana dukani angeweza kukibadilisha.

Nikauliza kizuizi kipi.

Akakieleza. Cheusi, chenye mipira. Mke wangu akanyanyuka, akaenda moja kwa moja juu ya kabati, mahali ninapoficha kila kitu, akarudi nacho kwenye mfuko wake, risiti bado imo. Akakiweka mezani, karibu na chumvi.

Mama mkwe akakishika. Akapitisha kidole juu ya yale matundu.

"Kilikuwepo siku ile ya gundi?"

"Kilikuwepo, mama."

"Na jana, nilipokuwa nakuomba radhi?"

Nikatazama chumvi.

Hakupandisha sauti. Akamgeukia mwanyumba, akamuuliza kama gari lina nafasi ya sanduku moja. Mke wangu akamfungia mto huku machozi yanamtoka, na kila chozi lilikuwa na jina langu. Mlangoni mama mkwe akasimama, mtungi kifuani.

"Asante kwa kunipokea, bwana."

Gari limeondoka. Nimeketi sebuleni mbele ya tangi lenye mchanga tu, naiona sura yangu kwenye kioo chake, sijaipenda. Mke wangu amesema chakula kiko jikoni kwa anayekitaka, akafunga mlango wa chumba.

Jumapili, 15 Juni

Nimefikiri sana. Nimejichunguza bila huruma. Mke wangu aliniambia kupitia mlango kwamba nikae nitafakari kosa langu, na nimelipata.

Kosa lilikuwa ukuta mmoja. Ukuta mmoja ukiachia, vita. Zikiwa tatu, huu ukianguka ule unashika!

Mchana nimekwenda duka la samaki. Nimerudi na beta madume wanne: mweupe, wa kijani, na wawili wa buluu wanaofanana na Mpole kama mapacha. Mmoja wa hao nitampelekea mama mkwe wa kumchangamsha Mpole, wawekwe pamoja wazoeane. Atafurahi. Muuzaji alisema kila mmoja akae peke yake. Nikamwambia atulie, anaongea na mzoefu.

Kizuizi cha mwanyumba sitakitumia. Nimekikagua: hakina ubunifu. Nahitaji kitu chepesi, kisichooza, kisichopitisha macho, na cha kutosha kuta tatu. Mke wangu katoka kwenda kwa dada yake. Pazia la bafuni lina rangi nzuri, halina mshono, na ukilitazama kwa makini, ni kubwa kuliko mahitaji ya watu wawili.