Mvua Masikioni, Hodi Mlangoni

Jumatatu, 12 Mei

Sijalala. Nimetoka kazini Mikocheni alfajiri, mikono inanuka hamira, nimefika Chang'ombe, nimejitupa kitandani, na hata shuka halijapata joto Didas kawasha grinda.

Didas ni fundi mageti. Karakana yake imeegemea ukuta wa chumba changu. Yeye anakata chuma mchana, mie naoka mikate usiku. Mungu angetaka tuelewane asingetupa ukuta mmoja.

Macho mekundu. Asubuhi hii kwenye kioo nimemwona mvuta bangi ananiangalia. Hiyo ndiyo ishu yenyewe. Mjomba alishapeleka barua ya posa kwa kina Yasmini, na Yasmini kaniambia kwa simu kwamba neno la mwisho liko kwa shangazi yake, Bi Jokha wa Pugu. Bi Jokha haamini barua. Huja mwenyewe, mchana, bila taarifa, apige hodi aone mwanaume anapokeaje mgeni. Mposaji aliyenitangulia alifungua mlango huku anapiga miayo. Barua yake ilirudishwa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mpango ni mwepesi. Nilale, macho yawe meupe, nioe.

Nimemshtaki Didas kwa mjumbe wa mtaa. Mjumbe kasema ataliangalia. Mjumbe huyu anauangalia mtaro wetu tangu mvua za mwaka jana.

Halafu kuna suala la mkate. Kila siku natoka kazini na mkate mmoja, katika ile iliyopinda isiyouzika. Chumbani kwangu kuna sisimizi, kwa hiyo nautundika kwenye msumari ulio nje ya karakana ya Didas, nikiamka niuchukue. Nikiamka haupo. Sitaji mtu. Ila ana miwani ya kuchomelea.

Jumanne, 13 Mei

Nimeunganisha kutoka kazini hadi Kariakoo, dukani kwa Muhsin, niliyesoma naye madrasa. Nataka hedifoni za kuzuia kelele. Kuzichagua ni kazi kuliko kuchagua mke. Kwa mke, angalau shangazi mtu anakusaidia.

Muhsin kanitolea za kuchomeka ndani ya sikio kwanza. Nilipopiga chafya zikadondoka. Akanipa kubwa, za sponji, zinazofunika sikio zima. Hizo zinaleta joto tu. Kelele inapita, inakuta jasho. Ndipo akainama chini ya meza akatoa zenyewe. Kasema zina kinasa sauti kidogo kwa nje. Kinaisikiliza kelele inayokuja, halafu ndani zinatoa kelele ya kinyume chake, zikikutana zinamalizana. Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyoishi mjomba na mkewe, na nyumba ile haijawahi kuwa kimya hata siku moja.

Nilitaka ushahidi. Nimezivaa, Muhsin kanifungulia sauti ya mvua kwenye simu, nikamwambia sasa anitukane. Kasitasita kidogo kwa heshima ya mwalimu wetu. Kisha kaanza, na kaendelea muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na wateja wakasogea. Mie sikusikia kitu. Nimelipa.

Kanionya jambo moja. Mngurumo unaokwenda sawasawa, kama feni au mashine, hizi zinaua. Sauti ya mtu inapenya, ndiyo maana niweke na mvua juu yake. Vizuri. Mchana mtu gani ana haja na mie?

Jumatano, 14 Mei

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na kidogo za Muhsin.

Nimezivaa tangu kona ya msikiti ili nisipoteze kimya hata cha njiani. Nimebonyeza kitufe, taa ya kijani ikawaka. Nimepita mbele ya karakana, Didas kainama kwenye geti lake na anachapa kazi, lakini grinda haisikiki kabisa. Hata chembe. Nimemtazama kwa huruma, kama mtu anayempita bondia aliyekwisha pigwa. Nimetundika mkate, nimeingia, nimefungulia mvua, nimelala.

Tatizo ni mvua. Hapa uani tuna utaratibu wetu: mvua ikianza, anayeisikia kwanza anaanua nguo za wote. Huo utaratibu umenikaa kwenye damu. Katikati ya usingizi nikaisikia mvua, tena kubwa, nikaruka nje na bukta nikaanua kila kitu kwenye kamba. Kanga, mashuka, mapazia ya Bi Mwanakombo mwenye nyumba. Nikavirundika vyote kitandani kwangu. Nilipotoka kuchukua awamu ya mwisho nikahisi jua linanichoma mgongo.

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama na beseni. Kaniuliza kwa upole, Khalfani mwanangu, kwenu Lindi kuna mtu aliwahi kuugua kichwa? Nimerudisha nguo kambani moja moja huku akinielekeza pindo likae wapi. Godoro langu limeloa.

Mkate umeibiwa tena. Kesho nautia pilipili. Mwizi nitamjua kwa machozi yake.

Alhamisi, 15 Mei

Nimelala mkekani, na nimelala usingizi wa kitoto. Nimeamka saa tisa alasiri, macho meupe kama ya bwana harusi wa kwenye kalenda. Nimejitazama kwenye kioo muda mrefu.

Yasmini kapiga simu. Bi Jokha alikuja leo.

Alikuja saa tano. Bi Mwanakombo alikuwa msibani, Didas alikuwa ametoka kununua vyuma, ua mzima hakuna mtu ila kuku. Alipiga hodi. Akanyamaza kidogo kama inavyotakiwa, akapiga ya pili. Akaona viatu vyangu mlangoni. Akasikia mkoromo wangu ndani. Akapiga ya tatu, kisha akageuza akarudi Pugu na kikapu chake. Mie na Muhsin tulifundishwa jambo hili kwenye mkeka mmoja: hodi ni tatu, ya tatu isipoitikiwa mgeni anarudi, na hana lawama. Lawama ni ya aliye ndani.

Bi Jokha kasema mtu aliyelala huamshwa na hodi ya kwanza, aliyechoka huamshwa na ya pili. Anayekoroma mpaka ya tatu amedhamiria.

Nilimweleza Yasmini habari ya hedifoni na mvua. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Kaniuliza ninachotaka ni kuoa au kulala. Nikajibu vyote viwili. Nilipaswa kufikiri kwanza. Akanyamaza, na kile kimya chake kiliniuma kuliko grinda. Nampenda huyu binti. Ananicheka kila siku, na nikikaa siku mbili bila kuchekwa naye najihisi sijaoga.

Kasema shangazi harudi kwenye mlango usioitika. Ila kwa ada yao, anaweza kuja kuuliza majirani kabla ya kuirudisha barua. Majirani. Yaani Didas.

Mkate umekwenda, na pilipili yake. Nimekaa kibarazani mpaka magharibi, sikuona anayelia.

Ijumaa, 16 Mei

Kuziacha hedifoni siwezi, nitarudia macho ya bangi. Kwa hiyo nimetumia akili. Nimefunga kamba kwenye kidole gumba cha mguu, nikaipitisha dirishani, nikaifunga ncha ya pili kwenye nguzo ya uani, na katikati nikaning'iniza kipande cha boksi: MGENI VUTA HAPA. Sasa mgeni yeyote asiyesikika atahisiwa. Nikafungulia mvua nikalala kwa amani.

Nimeamshwa na mguu. Ulikuwa unaondoka. Nimeburuzwa toka mkekani hadi ukutani, mguu juu dirishani, kichwa chini, hedifoni zimenihamia machoni. Nikajua ni Bi Jokha, na ana nguvu kuliko nilivyosimuliwa. Nikaitikia karibu, karibu shangazi, kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

Ilikuwa blanketi. Bi Mwanakombo kaona kamba mpya uani, kashukuru moyoni, kafua blanketi lake zito la mtumba na kulianika. Boksi alilitumia kuwashia moto. Nilipolalamika kasema kijana anayeanua nguo kwenye jua kali hapaswi kushangaa wengine wakianika.

Nimekwenda swala ya Ijumaa nachechemea. Imamu kaniuliza kama nimepata ajali. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 17 Mei

Leo naandika taratibu.

Nililala na kamba tena, baada ya Bi Mwanakombo kuniahidi hatatundika hata leso. Mvua masikioni. Katikati ya usingizi mvua ikakata. Chaji imeisha. Nikajikunja nikingoja grinda inivamie, na haikuja. Nikasikia brashi ya rangi inapita kwenye chuma. Nikasikia kuku. Kisha nikasikia Didas anamwamkia mtu shikamoo na kumfutia benchi akae.

Ni Bi Jokha. Kamwuliza Didas bila kuzunguka, anamfahamu vipi huyu kijana Khalfani wa chumba cha pili.

Ningeweza kutoka. Kweli nilikuwa na bukta, na kamba mguuni, lakini kilichonizuia si hivyo. Mtu aliyemshtaki jirani yake kwa mjumbe anajua kitakachosemwa juu yake, na bado anataka kukisikia.

Didas kasema anamfahamu vizuri. Kasema ni mwoka mikate, anafanya kazi usiku, hana makundi. Siku moja wiki hii alimwona anapiga mswaki huku amelala wima, akamwonea huruma. Kwa hiyo tangu Jumanne hakati chuma mpaka baada ya adhana ya adhuhuri, na hata hapo kazi kubwa anaipeleka kwa mwenzake Keko. Asubuhi anapaka rangi tu, ili jirani alale.

Bi Jokha kauliza kwa nini ajipe taabu yote hiyo. Didas kasema ni kwa sababu ya mkate. Kila asubuhi yule kijana anamtundikia mkate kwenye msumari wa karakana yake. Hasemi neno, hangoji asante, anaingia zake kulala. Watoto wake wanne wanaupigania mkate ule. Juzi hata aliubadilisha, akautia pilipili. Watoto walilalamika, lakini yeye kaupenda sana, kwao Mbinga wanapenda vitu vikali.

Bi Jokha akaomba aonyeshwe huo msumari.

Upande wangu wa ukuta mie nikahesabu siku. Tangu Jumanne. Jumanne asubuhi mie nilikuwa Kariakoo natukanwa na Muhsin. Kumbe nilipozileta hizi hedifoni, kelele ilishaondoka. Kimya chote nilichokisifu kilikuwa cha Didas. Nikazichaji. Adhuhuri ilipopita akawasha grinda mara moja kwa ajili ya bawaba. Nikazivaa, nikabonyeza kitufe, nikakizima, nikabonyeza tena. Hakuna tofauti. Ni taa tu ya kijani.

Nimelia kidogo. Si sana. Nimeona aibu, kisha nikaona raha, kisha aibu ikarudi na nduguze. Nilidhani kwenye mji huu kila mtu anapiga kelele zake na kila mtu azibe masikio yake. Kumbe kuna mtu alikuwa ananyamaza kwa ajili yangu, na sikumsikia kwa sababu kunyamaza hakusikiki.

Bi Jokha kaacha salamu kwa Bi Mwanakombo. Kijana mwenye majirani wa namna hii haachwi hivi hivi. Kesho baada ya alasiri nifike Pugu, peke yangu, bila mjomba. Anataka tukae tuzungumze, aone kama nasikia mtu anaposema nami. Akiridhika, posa imekubaliwa. Asiporidhika, barua inarudi.

Nimetoka kumshukuru Didas. Nilikusudia kusema yote, mjumbe, mkate, pilipili. Akanishika bega akaniuliza ile pilipili nilipimaje. Nikasema ni mkono tu, braza. Ya mjumbe nitamwambia baada ya harusi. Akaniuliza nguo ya kwenda Pugu ninayo. Nikasema kanzu ninayo, koti sina, la mjomba linanibana makwapa. Akatikisa kichwa akarudi kwenye rangi yake.

Jumapili, 18 Mei

Nimewaza sana tangu jana, na nimepata somo. Kosa lilikuwa aina ya hedifoni.

Jana jioni nimerudi kwa Muhsin. Kaona aibu, kanibadilishia. Hizi ni ndogo, za kuchomeka, kofia nikiishusha hadi masikioni hazionekani, na hazidondoki hata kwa chafya. Halafu zinapokea simu. Mpango umekamilika. Nitakaa sebuleni Pugu, Yasmini atakuwa jikoni na simu yake. Bi Jokha atauliza, Yasmini ataninong'oneza jibu, mie nitajibu kwa macho meupe. Kuku wa Bi Jokha na wajukuu wake hawatanisumbua, kwa sababu hizi zinaua kelele kwelikweli. Huenda zikaiua na sauti ya Bi Jokha mwenyewe. Si neno, Yasmini atakuwa ananieleza amesema nini.

Yasmini bado sijamwambia. Nitampigia nikiwa mlangoni.

Asubuhi yote nimefanya majaribio. Kofia juu, hedifoni ndani, mvua kubwa. Nimejiuliza maswali na kujijibu mbele ya kioo. Nimependeza.

Nilipozivua na kufungua mlango niende kuoga nimekuta koti limetundikwa kwenye kitasa, limefunikwa na nailoni. Jeusi, limepigwa pasi, lina harufu ya dawa ya nondo wa kabatini. Bi Mwanakombo alikuwa anachambua mchele kibarazani. Kasema ni koti la harusi la Didas. Alilileta mwenyewe kabla ya kwenda kanisani, na alitaka kunivalisha aone kama mikono inanitosha, na kuna jambo kuhusu Bi Jokha alitaka kunitahadharisha kabla sijaenda.

Alipiga hodi mara tatu.

Sikusikia hata moja. Hedifoni hizi sasa ndizo zenyewe.