Zamu Yangu Katika Bendi ya Tutaona Mbele

Ijumaa, 12 Septemba. Utende, Mafia.

Leo tena sikupiga. Yaani nilipiga, kama kukwaruza rizimu nyuma ya Sufiani tangu alasiri mpaka jua linazama ni kupiga. Nazungumzia zamu yangu. Gitaa langu peke yake, wengine wakinisindikiza kwa heshima.

Nieleze kwa faida ya vizazi vijavyo. Bendi yetu ni Tutaona Mbele. Tunapiga roki, na hatuna wimbo uliotungwa. Sufiani anaanza na chochote kilichomjia kichwani, sisi tunamfuata, na wimbo huo mmoja unakwenda jioni nzima. Kila mtu ana zamu ya kutamba. Kwanza Sufiani, kwa kuwa vyombo ni vyake. Kisha Taufiki wa dramu, kwa kuwa ni shemeji yake Sufiani. Kisha mimi, Mkadam, kwa kuwa nina kipaji. Wimbo hauna mwisho, lakini adhana ya magharibi ina wakati wake, na ikisikika tunazima vyombo kama adabu inavyotaka. Hapo ndipo zamu yangu inapofia. Kila onyesho.

Na wafuasi tunao. Wengine wanatoka kijiji cha Bweni, ncha nyingine ya kisiwa, kwa bodaboda, kwa barabara ile, wanashuka wamepinda mgongo na bado wanacheza. Biubwa, mkulima wa mwani, anarekodi kila onyesho kwa simu na kuwarushia wenzake, kisha wanabishana wiki nzima lipi lilikuwa tamu zaidi. Leo nimemwuliza kama ana rekodi yoyote yenye zamu yangu. Akanijibu kwa upole kuwa hakujua kama mimi nina zamu. Alidhani kazi yangu ni kuangalia nyaya.

Nyaya!

Jumatatu, 15 Septemba.

Sijalala vizuri. Nimeapa: lazima Biubwa anirekodi. Nisikike mpaka Bweni.

Ningeweza kumwomba Sufiani anipe zamu mapema. Lakini mimi siombi. Wasio na akili ndio wanaoomba, wenye akili wanapanga. Na nimeshapanga. Jumatano tunapiga Baleni. Baleni kuna minazi mingi kuliko watu. Nitamnywesha Sufiani madafu kabla ya onyesho, tena mengi. Katikati ya zamu yake haja itambana, atakimbilia vichakani, nami nitaingia na gitaa kabla hajafika kwenye mnazi wa kwanza. Hakuna dhambi hapo. Kumkirimu mtu dafu ni thawabu.

Jumatano, 17 Septemba. Baleni.

Mambo yalianza vizuri. Sufiani akanywa dafu la kwanza, akanisifu kwa ukarimu, akasema hawezi kunywa peke yake kama mchawi. Ikabidi nami ninywe. Kila alipopewa moja, alinikabidhi na mimi moja. Tukaenda hivyo mpaka muuzaji akatuuliza kama tumefunga nadhiri.

Onyesho likaanza. Sufiani akatamba mpaka watu wakakaa chini. Mtu yule sijui ana kibofu cha ngamia. Mimi nikaanza kupiga rizimu huku nimebana magoti. Nikavumilia. Mwishowe nikaweka gitaa chini na kukimbia.

Nikiwa kule nyuma ya minazi nikasikia spika zikitangaza, kwa sauti ya Sufiani mwenyewe, kuwa leo amejisikia ukarimu na anampisha ndugu yake Mkadam atambe. Watu wakapiga makofi. Nikasikia wakiniita. Mimi siko mahali pa kuitikia. Taufiki akaingia na dramu kuziba pengo, hakutoka tena mpaka adhana.

Biubwa amesema rekodi imetoka nzuri sana. Kuna sehemu jina langu linatajwa.

Jumamosi, 20 Septemba.

Nimepata dawa. Nje ya Ghuba ya Chole kuna fungu la mchanga, linatoka maji yakipwa. Huko hakuna msikiti, hakuna adhana. Kesho asubuhi tunapiga huko. Hakuna atakayekosa sala, adhuhuri ina nafasi yake mpaka alasiri, na wimbo utakwenda hadi zamu yangu ifike. Sufiani nimemwambia tu kuwa upepo wa huko unafaa kwa muziki. Amefurahi.

Shamte, mwenye mashua, aliniuliza wimbo una urefu gani. Nikamwambia una urefu wake. Akasema kesho ni bamvua, maji yatakauka sana lakini yakigeuka yatarudi kwa kasi. Nikamkumbusha kuwa mimi ni mzaliwa wa Mafia. Kunifundisha mimi maji ni kumfundisha samaki kuogelea. Akasema sawa, bwana.

Jumapili, 21 Septemba.

Watu walijaa fungu zima. Jenereta ikanguruma, Sufiani akaanza. Ule upepo niliomsifia ulimwingia kichwani kweli, hakuwahi kupiga muda mrefu namna ile. Kisha Taufiki. Maji yakachukua kandambili za watu, nikasema si neno.

Ndipo Taufiki akaacha, akanitazama. Zamu yangu!

Nikafumba macho nikapiga. Nilipiga vyote nilivyovihifadhi miaka yote. Miguu ikapoa, nikadhani ni raha. Watu wakawa kimya kabisa, nikajua nimewaduwaza. Nilipofumbua macho maji yalikuwa magotini. Jenereta ilikuwa ndani ya mashua ya Shamte, na watu wote wako humo. Gitaa la umeme lisilo na umeme lina sauti ya kuku akiparua bati. Nikawaambia sijamaliza. Shamte akanivuta kwa ukosi.

Jumanne, 23 Septemba.

Rekodi ya Biubwa imeenea kisiwa kizima. Zamu yangu inasikika hivi: mawimbi, kicheko, na Shamte akiita, Mkadam, panda, panda bwana. Bweni wanasema ni onyesho bora la bendi tangu ianzishwe. Mimi nimeumia. Jana sikutoka nje.

Jioni hii Sufiani amekuja nyumbani. Hakucheka. Akasema hakujua kama nalitaka jambo hili kiasi hicho, na kwa nini sikumwambia tu. Basi Ijumaa mimi ndiye nitakayeanza, mara tu baada ya sala ya alasiri, nitambe mpaka nichoke. Yeye atapiga mwisho, hata kama adhana itamkuta. Biubwa ameshaambiwa, atakaa mbele.

Nilikaribia kutokwa na machozi. Kisha nikafikiri. Anayeanza ni nani? Anayeanza ni wa kujaribia spika, watu bado wananunua mihogo na kutafuta pa kukaa. Mkubwa hapigi kwanza. Nikamwambia hapana, asante, nataka kupiga wa mwisho.

Sufiani akainuka, akavaa viatu. Akasema haya, Mkadam, wewe wa mwisho.

Amekubali bila ubishi wowote. Mtu ukimkazia macho, ananywea tu.