Kuna Mkono wa Mtu Katika Jino la Mkaguzi

Jumatatu, 26 Agosti 2024
Mkaguzi kagoma kula. Mkaguzi ni paka wangu, jike la madoadoa, mlinzi wa ghala la kikundi chetu cha wakulima hapa Murusagamba. Humo mna magunia kumi na manne ya maharage ya mbegu, yanangoja mvua. Ufunguo ninao mimi, mwaka wa tatu sasa. Jumapili ya tarehe 8 tunachagua mtunza ghala. Panya akitoboa gunia moja tu, ufunguo umekwenda. Na anayeungoja namjua. Thobias, jirani yangu. Anatabasamu mno yule.

Leo nimempa Mkaguzi dagaa. Kaja mbio, kanusa, katia mdomo. Mara karuka nyuma na kuifokea sahani! Paka hafokei dagaa bure. Hapa kuna mkono wa mtu. Mke wangu Domisiana anasema labda mdomo unamuuma. Nimemwambia mambo ya uchunguzi aniachie mimi.

Jumanne, 27 Agosti
Nimewajaribu wale dagaa. Nimewala wote mimi mwenyewe, nikakaa kibarazani kusubiri tumbo. Hadi saa saba, kimya. Basi ni sumu ya paka tu, binadamu haimgusi. Wajanja hawa! Domisiana kauliza mboga ya jioni iko wapi. Nikamwonyesha sahani tupu.

Nimesitisha kununua dagaa kwa Agripina wa gulioni. Nilimwona akimsalimia Thobias mara mbili kwa siku moja.

Alhamisi, 29 Agosti
Panya wawili ghalani, mchana kweupe! Mmoja kakaa juu ya gunia ananitazama. Mkaguzi kamkimbiza, kamkamata vizuri kabisa, halafu kamwachia. Kamwachia! Mbele ya macho yangu. Udenda unamtoka, kichwa kakilaza upande mmoja, hataki kunitazama usoni.

Nimeelewa. Kanunuliwa. Kuna mahali analishwa ili panya wangu wastawi. Domisiana anasema paka anayelishwa kwingine hakondi hivi, mbavu zinahesabika. Hoja dhaifu. Kesho nampaka bluu ya kufulia kwenye nyayo, nione anakokwenda.

Ijumaa, 30 Agosti
Mpango umefanya kazi kupita kiasi. Nyayo za bluu zimetoka ghalani, zikapita migombani, zikaingia moja kwa moja uani kwa Thobias. Nilijua! Nilijua mimi!

Tatizo ni kwamba Deodata, mke wa Thobias, ndiye anayefua vitambaa vya altare ya kanisa. Alikuwa amevianika kwenye majani. Vinne. Mkaguzi kapita juu ya vyote vinne, na cha mwisho inaonekana alikaa kidogo.

Deodata akatoka kampakata Mkaguzi, uji umemganda kidevuni. Kakiri bila aibu kwamba kila mchana humpa uji mwepesi, maana hawezi kutafuna, na kinywa kinanuka vibaya. Kisha kauliza bluu hii imetoka wapi. Nikasema mimi napita tu. Mikono nilikuwa nimeificha nyuma, ya bluu hadi viwikoni.

Jumapili, 1 Septemba
Baada ya ibada nimelipeleka suala mbele ya jumuiya. Sikutaja jina. Nimesema tu yupo mtu, jirani wa mtu fulani, anayemhonga mlinzi wa mali ya umma kwa uji. Mzee Methusela, mwenyekiti wa kikundi chetu, kaniuliza kama nimeshamtazama huyo paka kinywani. Swali la kupangwa hilo. Thobias alikuwa anazungushazungusha tu kofia yake mikononi. Asiye na hatia angejitetea.

Jumatano, 4 Septemba
Leo kaja daktari wa mifugo kwa pikipiki, kuchanja kuku. Anaitwa Suzan, binti mdogo tu. Kaniamkia shikamoo kabla hata sijamtazama vizuri. Heshima nyingi namna hiyo inatafuta nini?

Domisiana bila kuniuliza kamtoa Mkaguzi nje. Suzan kainua mdomo wa juu kwa kidole. Harufu hiyo! Nimeona mwenyewe. Jino kubwa la nyuma limevunjika, limevaa ukoga mgumu wa kahawia, ufizi mwekundu, usaha unatoka. Kasema paka wengi huoza meno hivi na wenye paka hawajui, kwa sababu paka hujificha akiumwa. Hukimbilia chakula kwa njaa, kisha hukikimbia kwa maumivu.

Kisha akanigeukia. "Mzee, huyu hajanunuliwa na mtu. Anaumwa, tena wiki nyingi sasa."

Nilikosa pa kuweka uso. Miaka mitatu Mkaguzi amelala miguuni pangu, na wiki nzima mimi namwita msaliti. Nimemwomba msamaha nyuma ya nyumba, kusiko na watu.

Halafu nikashtuka. Neno "kununuliwa" Suzan kalipata wapi? Nikamuuliza. Anasema kijiji kizima kinalo.

Atarudi Ijumaa na dawa ya usingizi, ang'oe. Asubuhi hiyo paka asile kitu. Kumnyima chakula mgonjwa aliyekonda! Nimeliandika hili pembeni.

Ijumaa, 6 Septemba
Niandike yote, hata yasiyonipendeza.

Meza ilikuwa uani kwetu. Nilitaka Thobias ndiye amshike paka, ili mikono yake niione muda wote. Akakubali haraka mno. Suzan kachoma sindano. Dakika chache tu Mkaguzi kalegea mwili mzima. Ulimi nje. Macho wazi, hayapepesi! Nimeweka sikio, moyo haudundi. (Domisiana anasema niliweka sikio mgongoni.) Suzan alikuwa anasema kitu kuhusu macho na dawa, lakini mimi nilishatoka mbio.

Nimefika kigangoni, kwenye kanisa letu dogo, nikaigonga ile rimu ya gari iliyo kengele yetu. Mlio wa msiba. Nililia, sikatai. Nililia kwa sauti.

Huku kwetu msiba ukigongwa watu hawaulizi nani, wanakuja. Akina mama wakaja na kuni kichwani. Mikungu ya ndizi ikaja. Madumu ya maji yakaja. Mzee Methusela akaja na koti lake la misiba. Tukaandamana hadi kwangu, mimi mbele, nashikiliwa mabega na wanaume wawili.

Mkaguzi alikuwa ameketi juu ya kitenge, anayumba, anamng'ata Thobias kidole gumba. Jino bovu liko kwenye kisahani, limeshaoshwa. Suzan kaniuliza kama nalitaka.

Kuni hazirudishwi nyumbani. Wakabandika sufuria, ndizi zikapikwa, zikaliwa, watu wakacheka hadi jua likapungua. Mimi nilikaa na paka chumbani. Alikuwa anapumua. Sikuhitaji kitu kingine.

Jumapili, 8 Septemba
Mkutano. Mkaguzi jana kala dagaa, leo asubuhi panya watatu. Gunia hata moja halijatobolewa, Methusela kayakagua yote. Lakini baada ya ile rimu nilijua ufunguo sina tena. Methusela akaomba majina. Thobias akasimama, kidole kina bandeji. Nikajisemea, haya, ndio huo mwisho wangu.

"Mtu aliyemlilia paka vile," akasema, "hawezi kuacha panya wale mbegu zetu. Ufunguo ubaki kwa Pancras."

Mikono yote ikanyooka. Yote! Deodata kanyoosha miwili. Furaha niliyoisikia sijapata kuisikia tangu nifunge ndoa.

Ilidumu kidogo. Kisha machale yakanicheza. Thobias anautaka ufunguo miaka mitatu, leo ananipigia kampeni? Kwa nini? Kuna kitu ghalani. Labda paa litavuja mvua ya kwanza. Labda wadudu wameshaingia ndani ya maharage, na wanataka siku ya kufumuka niwe nimeushika ufunguo mimi. Nikasimama. Nimekataa! Nikauweka ufunguo kiganjani mwa Thobias, nikamkunja vidole, na kile kibovu pia. Kasema hajawahi kuutaka ufunguo huo maishani mwake. Ndivyo husema anayeutaka.

Domisiana kajifunika uso kwa khanga.

Jumatatu, 9 Septemba
Mkaguzi hakurudi nyumbani. Yuko ghalani, kazini. Mchana nimechuchumaa kwenye tundu la mlango nikamwita. Katoka, kanusa mkono wangu, karudi ndani kwenye panya wake. Imeniuma. Imeniuma sana.

Saa kumi Thobias kaja mwenyewe hadi kibarazani. Hakukaa. Kanyoosha mkono, ufunguo uko juu ya kiganja. "Jirani, paka ni wako na kazi ni yako. Chukua, yaishe."

Niliutazama ufunguo ule muda mrefu. Nilimtazama na yeye. Alikuwa anatabasamu.

Nimekataa tena. Hawanipati kirahisi hivyo.